Walya mukuba hawakuwa na opsio



Kuna mithali moja ile wazazi wa kartie yetu ya Makomeno wanapenda sana: «Mushika mbili, moja humuponyoka.» Niliisikia tena siku si nyingi mu lupango la jirani. Mutoto wake wa kiume amemaliza mwaka wa nane, sasa anapaswa kuchagua opsio. Mutoto huyo anatengeneza redio za watu wa barabara yote. Anachora. Hesabu zinamuingia. Tena anapenda kufuata kambo yake ku shamba, na anajua majina ya miti kuliko mimi. Mama akamuuliza: «Utaingia opsio gani?» Mutoto akajibu: «Mama, miye nataka byote.» Mama akacheka kwanza, kisha akakasirika: «Byote haiko opsio! Chagula moja. Mushika mbili, moja inamuponyoka.»

Nilinyamaza, maana mu nyumba ya mutu haufundishi mama namna ya kulea. Lakini nilirudi kwangu na neno lile mu kichwa, na njo lile linanifanya niandike kurasa hizi.

Mu vitabu vyetu vya mila tunasifu sana walya mukuba, ni kusema «wala shaba», wale wafundi wa zamani waliotoa shaba mu mawe ya nchi hii mbele ya Wazungu kufika. Siku ya sherehe tunawataja mu hotuba. Musalaba wa shaba waliokuwa wanamimina tumeufanya alama yetu: bendera ya Katanga ya 1960 ilichorwa misalaba mitatu. Hiyo yote ni vizuri. Ila nina lawama moja, na ninajiweka mimi mwenyewe ndani ya lawama hiyo. Tunasifu kitu walichofanya, na hatuulizi walijifunza namna gani. Kama tungeuliza, tungeona haya kidogo, juu sisi tunafundisha watoto kinyume kabisa.

Kazi moja, mayele mengi

Tuangalie kazi yenyewe. Sitasema mambo ya kupendeza tu. Nitasema namna kazi ilivyokuwa inakwenda.

Kwanza ilipaswa kujua mahali pa kuchimba. Nchi yetu ni pori la miombo, lakini hapa na pale kuna vilima vyenye kichwa kipara: miti inakataa kumea, paka majani na maua madogo. Sababu ni shaba. Ikizidi mu udongo inakuwa sumu kwa miti mingi. Mimea michache njo inaivumilia, na mumoja wao, ule wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense, umepata jina la «ua la shaba». Kwa hiyo mutafutaji wa mawe alipaswa kuwa mutu wa mimea. Asiyejua majani alipita juu ya mali bila kuiona.

Kisha kulikuwa jiwe. Malakiti ni jiwe la kijani, lakini si kila jiwe la kijani ni malakiti, na si kila malakiti ina shaba ya kutosha kulipa jasho. Ilipaswa kulipima kwa jicho na kwa uzito mu mukono. Kulikuwa na majira pia: kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, kisha mavuno, juu maji yamepungua mu mashimo na watu wamepumua ku mashamba. Basi mufundi wa shaba alikuwa vilevile mulimaji anayesoma mvua.

Kisha makala. Shaba inayeyuka ku kipimo cha joto cha digri 1085, na moto wa kuni za kupikia haufiki pale. Inataka makala ya miti migumu, yaliyochomwa pole pole chini ya udongo bila hewa kuingia. Makala yalikuwa na kazi mbili: kutoa joto, na kutoa hewa ile inayovuta oksijeni mu jiwe na kuacha shaba peke yake. Wazee hawakusema neno «oksijeni». Lakini walijua kwamba moto wenye hewa mingi mubaya unaharibu kazi, na moto wenye hewa ndogo unalala. Aliyepiga mivukuto ya ngozi alijua hesabu hiyo ku mabega yake.

Kisha tanuru. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, juu mchwa wanasaga udongo ule vizuri mpaka unakaza na kuvumilia moto. Huyo ni mufinyanzi. Kisha kutenga shaba na mavi yake, kuiyeyusha mara ya pili ili iwe safi, kuimimina mu kalibu. Huyo ni muyeyushaji. Na kati ya Wayeke walikuwako wafundi waliovuta shaba ile mpaka ikawa waya nyembamba ya kufanya vikuku. Huyo ni karibu mufuma nguo.

Na juu ya hayo yote kulikuwa maombi kwa wahenga, miiko, na nyimbo za kushika mupigo wa mivukuto. Mutu wa leo atasema: hiyo ni dini, hiyo ni muziki, haiko ufundi. Lakini ku tanuru vitu hivyo havikukaa mbali mbali. Bila saa ya ukutani, ni wimbo unaoweka mupigo sawasawa.

Mutoto alijifunza haya namna gani? Alianza kwa kuokota mawe ya kijani yaliyo juu ya ardhi. Akabeba makala. Akashika mivukuto wakati mukubwa amechoka. Alipofika umri wa kusimama mbele ya tanuru, mikono yake ilikuwa imepita mu kila sehemu ya kazi. Hakuna aliyemuuliza: «Unachagua majani ao mawe?»

Na kazi hii si hadithi ya jana. Mu Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi mu 1957 na 1958. Mu makaburi ya bonde lile la Upemba wataalamu wameona misalaba ya shaba ya miaka mamia iliyopita. Ya kwanza ilikuwa mikubwa na michache. Kadiri miaka ilivyopita ikawa midogo, mingi, na ya kipimo kinachofanana, namna ya feza. Ni kusema wafundi wale waliweza kurudilia kipimo kilekile mara nyingi. Hiyo ni sayansi, hata kama haikuwa na daftari.

Askofu na tanuru lililozimwa

Mutu aliyeandika kazi hii vizuri zaidi alikuwa mugeni: Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mubenedikto. Mu 1924 aliomba wazee Wayeke wafanye tena kampeni moja ya kuyeyusha shaba mbele yake, na mu 1926 akatoa maandiko yake juu ya «wala shaba wa Katanga». Tumushukuru, kwa sababu bila yeye mambo mengi yangepotea.

Lakini tusome kwa macho mawili. Wakati anaandika, tanuru la Union Minière lilikuwa linawaka mu Lubumbashi tangu 1911. Wazee waliitwa kuonyesha kazi yao wakati kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kunyanganywa njia. Askofu aliandika namna mutu anavyopiga picha ya marehemu. Tangu siku ile sisi pia tumezoea kuangalia walya mukuba kama picha: kitu cha kuheshimu, kitu cha nyumba ya makumbusho. Hatukufikiri kwamba ndani ya picha ile kuna shule.

Na ona jambo moja la ajabu. Mu 1982 wataalamu watatu, De Plaen, Malaisse na Brooks, waliandika juu ya maua ya shaba ya Afrika ya Kati. Walionyesha kwamba mahali pengine ua lile linamea juu ya udongo uliochafuka shaba kwa sababu ya matanuru ya zamani. Ni kusema ukifuata ua, unaweza kufika ku tanuru la mababu. Ilipaswa mutu wa mimea akae pamoja na mutu wa mambo ya kale ili waone. Walirudi ku njia ya wazee: majani na mawe mu kichwa kimoja. Kama kila mumoja angebaki mu opsio yake, ua lingekuwa ua tu.

Namna mayele yalivyokatwa

Union Minière ilianzishwa mu 1906. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuweka wafanyakazi na jamaa zao mu kambi kwa muda murefu, na kufungua masomo pamoja na wamisionere. Sikatai mazuri yake: muganga, maziwa ya mutoto, posho, kusoma na kuandika. Wengi kati ya wazazi wetu walitoka mule, na tusingekuwa tunaandika leo bila masomo yale.

Lakini kampuni haikutafuta mutu anayejua kazi yote. Ilitafuta mutu wa kipande. Huyu ni wa vagoni, huyu wa tanuru, huyu wa ghala. Aliyejua kazi yote toka mulima mpaka waya alikuwa mu biro, tena wakati ule alikuwa Muzungu. Mukongomani alipewa namba na kipande chake. Watoto wa kiume walitayarishwa kuingia mu kipande cha baba, wasichana wakafundishwa kushona na kutunza nyumba ya mufanyakazi. Kukata kazi vipande kunaongeza mali haraka, hilo ni kweli na dunia yote inalijua. Ila kunafanya vilevile kitu kingine: mutu anakuwa hawezi kusimama peke yake siku kampuni inapoanguka.

Na ilianguka. Gécamines, iliyorithi kazi ile kisha serkali kuitwaa mu 1967, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980. Mu Septemba 1990 shimo la Kamoto lilibomoka. Mu 2003 shaba iliyotoka haikufika hata tani 20,000, na mwaka huohuo zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka mu mupango ulioitwa «départs volontaires». Mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kutoa mu 2001 kitabu chake juu ya «Bana Shaba» walioachwa na baba yao. Jina hilo linatosha. Kampuni ilikuwa baba na mama, na watoto wakabaki yatima na miaka hamsini ku mugongo.

Mimi nimeona wazee wawili waliofanya kazi mu kampuni, sitaitaja. Wa kwanza alifanya kazi miaka mingi ku mashine moja, na aliijua vizuri kabisa. Wakubwa walimwita usiku ikikwama. Kazi ilipokwisha, alikaa ku kiti mbele ya mulango. Siku moja aliniambia: «Baba, mashine ile njo nilijua. Haiko tena. Sasa miye niko nani?» Sikuwa na jibu.

Wa pili hakuwa fundi mukubwa kama yule. Lakini mama yake alimufundisha kulima, mujomba alimufundisha kazi ya mbao, na mu parokia alijifunza kupiga kinanda na kuandika barua za watu kwa Kifaransa. Wakati wa kazi tulikuwa tunamucheka: «Ule wa byote na wa bule.» Kazi ilipokwisha, alitengeneza viti, akalima mboga, akaandikia watu barua za kudai haki zao, na Siku ya Mungu akapiga kinanda. Hakutajirika. Lakini watoto wake walikula, na yeye hakuuliza yeye ni nani.

Sisemi huyu alikuwa na akili na yule hakuwa nayo. Tofauti ni kwamba yule alikatwa kipande, na huyu aliponyoka kisu.

Nusu mbili za leo

Leo kisu kiko wapi? Mimi nasema kiko mu masomo yetu, na kiko mu mashimo.

Mu masomo, mutoto anamaliza mwaka wa nane, halafu anagawanywa: huyu sayansi, huyu pedagojia, huyu biashara, huyu ufundi. Kwa miaka ine atabaki mule, kisha afanye Exetat. Mutoto wa sayansi ataandika formule ya malakiti ku ubao bila kushika jiwe lenyewe, na anaishi mu muji uliojengwa juu ya jiwe hilo! Mutoto wa ufundi atashika chuma, lakini tunamutazama kama aliyeshindwa, na hakuna anayemupa kitabu cha historia kwa furaha. Wazazi wanasema wazi: «Ule wa mikono, ni juu hana kichwa.» Neno hilo ni matusi kwa walya mukuba. Wao kichwa chao kilikuwa mu mikono.

Ku upande mwingine kuna mashimo. Watoto wetu wengi, wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, wanaingia mu kazi ya kuchimba, kuosha na kubeba mawe. Hapa lazima niseme wazi, maana kuna watu watashika maneno yangu vibaya. Kusifu kazi ya mikono si kusifu kazi ya mutoto mu shimo. Mutoto anayebeba kifurushi cha madini hajifunzi jiwe. Hajui linakwenda wapi, hajui linatumika mu nini, hajui vumbi lile linafanya nini mu kifua chake. Anauzisha nguvu tu. Ule wa masomo amepewa kichwa bila mikono, na ule wa shimo amepewa mikono bila kichwa. Ni nusu mbili za mutu mumoja, na zote mbili zinaumia.

Maneno ya kupinga

Mutu wa haki atanipinga, na ninamupa nafasi.

Atasema: «Dunia ya leo inataka watu waliobobea. Ukiugua moyo, unataka muganga wa moyo, hautaki mutu wa byote.» Ni kweli. Mimi pia nikiugua moyo nitamutafuta yule. Lakini muganga yule mbele ya moyo alijifunza mwili wote, na kama hana jicho la kuona mutu mwenye moyo ule anakula nini na analala wapi, atamupa dawa isiyosaidia. Kubobea ni kilele cha mulima. Kilele hakisimami bila mulima chini yake. Tunachofanya sisi ni kuwapa watoto kilele mbele ya kuwapa mulima.

Atasema tena: «Elimu ya wazee ilikuwa ya siri. Haikufunguliwa kwa wote.» Hapo nakubali kabisa, na kitabu cha mila kisichosema hilo kinadanganya. Ufundi ulikaa mu mikono ya wachache, ulipita kwa ukoo na kwa miiko. Mu sehemu nyingi za Afrika wanawake walikatazwa kukaribia tanuru. Siri ile njo ilifanya kazi ife haraka: wazee walipokwisha, hakukuwa na daftari. Masomo ya Wazungu yalituletea daftari na mulango ulio wazi kwa wote, hata kwa wasichana, ingawa kwa kuchelewa. Hatutaki kuacha hayo. Tunataka daftari likae karibu na tanuru.

Na ile mithali ya jirani? Mithali ni ya kweli mahali pake. Ukikimbiza kuku wawili wanaokimbia njia mbili, utakosa wote. Lakini majani, mawe, moto na hesabu havikimbii njia mbili; ku tanuru vinakutana. Tena wazee walituachia mithali nyingine: «Kidole kimoja hakivunji chawa.» Tunaitumia kwa kusema watu wasaidiane. Mimi naomba tuitumie hata kwa mutu mumoja: mayele yake nayo ni vidole, na chawa wa maisha hawavunjwi na kimoja.

Mushahidi aliye hai

Labda mutu atasema haya ni mambo ya zamani. Basi nitaje mutu wa leo. Jean Katambayi Mukendi alizaliwa hapa Lubumbashi mu 1974. Alisomea umeme. Lakini kazi zake zinaonyeshwa leo mu maonyesho ya sanaa, hapa na ng'ambo. Anachukua karton, nyaya, vipande vya vyombo vilivyotupwa, anajenga mashine za ajabu. Anachora ma-«Afrolampe», balbu zenye nyuzi na hesabu ndani yake. Anatoka mu muji ambao umeme unakatika wakati nchi yake inatoa shaba ya kupeleka umeme dunia nzima.

Nimesikia watu wakiuliza mbele ya kazi hizo: «Ni fundi ao ni musanii?» Swali hilo ni lile la opsio. Ukiondoa umeme mu kazi yake, inabaki pambo. Ukiondoa uchoraji, inabaki mashine isiyotembea. Nguvu iko pale vinapokutana. Nina lawama yangu ndogo kwake pia: mara nyingine mashine zinafunga mulango kwa mutu asiyesoma hesabu, na mama wa soko anapita bila kuambiwa kitu. Lakini lawama hiyo inaturudilia sisi, tuliomunyima mama huyo hesabu na kumunyima mutoto wake sanaa.

Mu 2019 Katambayi alifanya pamoja na Sammy Baloji na Daddy Tshikaya gari la Tesla, lile la umeme, lakini lilifumwa kwa waya wa shaba, namna watoto wetu wanavyofuma magari yao ya waya mu barabara. Ukiliangalia, unakumbuka Muyeke aliyevuta waya wa kikuku. Shaba inatoka hapa, inakwenda kuwa gari la watu wengine, na mikono ya hapa inaonyesha kwamba ilijua waya zamani. Historia, biashara, ufundi na muchezo wa watoto viko mu kitu kimoja. Mwanafunzi mwenye opsio moja atasoma robo yake tu.

Tufanye nini

Kuandika lawama ni kazi nyepesi. Kwa hiyo ninaleta ombi mbele ya chama chetu, na ni ombi dogo, lisilongojea serkali.

Vakansi za mwezi wa saba na wa nane zinaanguka mu kiangazi, majira yaleyale ya walya mukuba. Tuchukue watoto wa Makomeno, wasichana na wavulana pamoja, Posho moja mbele ya nyingine. Posho ya kwanza twende nao ku Makumbusho, waone misalaba ya shaba, na mwalimu wa historia aongee. Posho ya pili mama mufinyanzi awaonyeshe udongo: upi unapasuka mu moto, upi unavumilia. Ya tatu mwalimu wa kemia alete malakiti, kila mutoto apime uzito wake kwa mukono kisha kwa mizani, na aandike mbili zote. Ya ine muzee wa shamba awapeleke mu pori, wajifunze majina ya miti kwa Kisanga, kwa Kibemba, kwa Kiluba, na kwa Kilatini pia kama kuna anayejua. Ya tano fundi wa umeme awape waya wa zamani wafunge balbu. Na ya mwisho kila mutoto alete vitu viwili: kimoja alichofanya kwa mikono yake, na ukurasa mumoja alioandika mwenyewe akieleza namna kile kitu kinavyofanya kazi. Asiyeleta vyote viwili atarudi wiki inayofuata, bila kupigwa.

Na yule muzee anayekaa ku kiti mbele ya mulango? Tumuite. Mashine yake haiko tena, lakini anajua namna ya kusikiliza chuma kinachougua. Watoto wa redio wanataka sikio lile. Aje afundishe, na yeye ajifunze kitu kwao, maana kujifunza hakuna umri. Pengine siku hiyo atapata jibu la swali lake, jibu ambalo mimi sikuweza kumupa.

Jana nilipita tena mu lupango la jirani. Fomu ya opsio ilikuwa bado ku meza, chini ya redio iliyofunguliwa. Mama alikuwa anashikilia taa ili mutoto aone waya. Akaniambia: «Tutaandika sayansi. Lakini shamba la kambo na hii mambo ya redio, hapana kuacha.» Nikamwambia: «Mama, umesema vizuri.» Nami nikakaa chini, nikaomba wanifundishe waya ile nyekundu inakwenda wapi.